Nilimwapisha Mwanangu Kwamba Hakuona

Nina kosa, wenzangu, na sitaki kulizungusha. Nilimshikisha mwanangu msahafu nikamlazimisha aape kwamba hakuona jambo ambalo aliliona kwa macho yake mawili. Mimi, mama yake niliyemzaa! Na yeye mtoto, hata ungo hajavunja.

Jina langu sitalitaja. Majina ya wanangu nimeyabadilisha, maana wako hai na wana heshima zao. Mimi sasa ni kizee. Nikipita njiani watu hunambia, "Shikamoo, Bi Mkubwa," kwa adabu zote, wakidhani wanamwamkia mtu mwema. Naitikia marahaba, lakini moyoni nasema, laiti wangelijua!

Basi nisikilizeni.

Mwaka 1964 tulikuwa tunakaa Mkunazini, mjini, vyumba viwili vya chini katika nyumba ya ghorofa. Chumba cha mbele mlango wake ulifungukia njiani, na hapo ndipo mume wangu alipokuwa akishona. Nitamwita Makame. Alikuwa mtu wa Kizimkazi, fundi cherahani, mpole kupita kiasi. Mtu akimgombeza kwa kucheleweshewa kanzu yake, yeye hucheka tu na kusema, "Kesho inshallah." Tulikuwa na watoto wawili. Wa kwanza msichana, Miza, keshaanza skuli na chuoni anakwenda kusoma Kurani. Wa pili mwanamme, Haji, ndiyo kwanza anajifunza kusimama.

Miza alikuwa mtoto wa baba yake. Akirudi skuli hakai na mie jikoni. Anakwenda kukaa kwa baba yake, chini ya meza ya kukatia nguo, anaokota vipande vya vitambaa anavishona vinguo vya mtoto wa bandia. Wakizungumza hawamalizi. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nikiona wivu.

Mwezi ule wa Januari dada yangu alijifungua kule Mtoni. Nikataka kwenda kumwangalia. Makame akanambia, "Ngoja kidogo, mama Miza. Mji haujatulia. Watu wanasema mengi."

Nikamjibu, "Jamaa zangu wakiwa na haja, mji siku zote haujatulia! Wangelikuwa jamaa zako wa Kizimkazi tungelikuwa tushafika."

Tukagombana. Yaani niligombana mimi. Yeye alishika cherahani yake akaendelea kushona. Miza naye, kule chini ya meza, akatoa kichwa akasema, "Mama, baba kasema tungoje."

Lo! Nilichomeka! Nikambeba Haji, nikachukua kanga zangu, huyo nikatoka. Kufika nje namsikia Miza nyuma yangu anakimbia. "Mama, na mie nnakwenda!"

"Huendi," nikamwambia. "Baki na baba'ko. Si nyinyi ndio mnaopendana?"

Nilimwacha pale mlangoni. Makame sikumuaga. Laiti ningeligeuza shingo tu!

Yaliyotokea kisiwani siku zile, wanaoyajua wanayajua, na wasioyajua wawaulize wazee wao. Mimi siandiki mambo ya siasa. Nnachosema ni kwamba kulipokucha Jumapili ile sisi tulikuwa Mtoni, tumejifungia, mzazi kitandani, na malori yanapita njia ya Bububu na watu ndani wanapiga makelele. Bunduki zinalia upande wa mjini. Siwezi kwenda na siwezi kukaa. Dada yangu ananishika mkono, ananambia, "Makame ni mshona nguo tu, nani atamgusa mshona nguo?"

Njia zilipofunguka nilirudi kwa miguu, Haji mgongoni.

Mlango wetu ulikuwa wazi. Cherahani haipo. Vitambaa vimetapakaa chini, vingine vimekanyagwa. Kizingiti cha mlango kilikuwa kimeoshwa, kimesuguliwa hasa, nyumba nzima chafu lakini kizingiti cheupe. Nilikiona. Sikuuliza nani kakiosha wala kwa nini.

Jirani yetu, Bi Zuwena, akatoka kwake. Mkono wake mmoja umefungwa kitambaa.

"Mtoto ninaye mie," akanambia. "Mzima, alhamdulillahi. Lakini kumtoa kulikuwa kazi. Nimemkuta chini ya meza, hataki kutoka. Nikamvuta, akaning'ata mkono, utasema mnyama."

"Na Makame?"

Bi Zuwena akainamisha macho. "Sie tulikuwa tumejifungia, mwanangu. Tulisikia tu."

Hapo Miza akatoka. Yuko na gauni lile lile nililomwacha nalo. Hakulia. Alikuja mbele yangu akasimama kama anayekwenda kusoma mbele ya mwalimu, akasema moja kwa moja, bila ya kituo:

"Mama, baba kafa. Walikuja watu na bunduki. Baba akasimama mlangoni. Wakampiga, akaanguka pale. Halafu wakamtia kwenye lori."

Nilimpiga kofi.

Naam, ndugu zangu, ndivyo nilivyompokea. Mtoto kaniletea habari aliyoiweka siku zote zile, nami nikampiga kofi la uso mpaka akapepesuka. "Unamchuria baba'ko kifo!" nikamwambia. "Usiseme tena neno hilo!"

Akanitazama. Kalishika shavu lake, ananitazama tu.

Baadaye jamaa mmoja akatwambia kasikia wako watu waliovuka kwenda Mombasa, pengine Makame naye alikuwamo. Alisema pengine. Mimi ile "pengine" niliitupa, nikashika hiyo Mombasa. Ilipofika jioni namwambia kila anayekuja kunipa pole: "Pole ya nini? Mume wangu yuko Mombasa. Mambo yakitulia atarudi."

Msinione mjinga. Nitakwambieni kwa nini. Kama Miza alisema kweli, basi mume wangu alikufa na mimi sikumuaga. Na kama Miza alisema kweli, basi nilimwacha mwanangu mahali pale, kwa wivu na hasira tu, akamtazama baba yake akiuliwa. Jambo hilo sikuweza kulibeba. Basi nikalitupa kwake yeye alibebe. Nikasema mtoto ni muongo, ili mimi nipate kulala.

Tukahama mjini. Tukaenda Mpendae, nyumba ya udongo ya ndugu yangu mdogo wa kiume, nikawa napika vitumbua na kuuza. Eda sikukaa. Hitma sikusoma. Vipi utamsomea hitma mtu aliyeko Mombasa?

Miza akaanza kukojoa kitandani, msichana mkubwa yule! Akisikia lori anaingia uvunguni. Siku nyingine tunakwenda sokoni, lori likapita, akajitupa chini ya meza ya muuza ndizi, mbele za watu. Akaanza kujing'oa nywele moja moja, hapa juu ya sikio, mpaka pakawa na kiraka cheupe.

Nami nilifanya nini? Nilimpiga. Nilimpaka pilipili vidoleni asijing'oe nywele. Asubuhi akiwa kakojoa, nilimtwika mkeka wake kichwani nikamzungusha mtaani, watoto wanamfuata nyuma wanamwimbia kikojozi. Ndiyo dawa niliyofundishwa na mama yangu. Nilimtazama akipita na mkeka ule, mkojo unamchuruzika shingoni, nami nimesimama mlangoni na mkono kiunoni. Ole wangu!

Hakuwahi kunambia, "Mama, basi." Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alichukua kila kitu nilichompa.

Haji akakua. Baba yake alimjua kwa maneno yangu tu. "Baba atakuletea viatu." "Baba atakuja sikukuu." Ikawa kila Idi mtoto nikishamwogesha na kumvisha kanzu na kofia, anakwenda kukaa barazani anatazama njia. Hataki kwenda kwenye mabembea na wenzake. Anasema baba akija asimkose. Mimi nikimwona vile nafurahi! Nasema huyu ndiye mtoto, ana mapenzi na baba yake, si kama yule dada yake.

Idi moja, mchana, nyumba imejaa jamaa, pilau ishapakuliwa. Mara nasikia Haji barazani analia kilio cha uchungu. Natoka mbio. Namkuta Miza kamkumbatia, naye Haji anajirusha.

"Miza! Umemfanya nini mwenzio?"

"Nimemwambia asingoje," Miza akasema. "Jua litampiga bure. Nimemwambia baba kafa."

Vijiko vimesimama hewani.

"Nani kakwambia kafa?"

"Hajanambia mtu. Nilimwona."

Ndugu yangu akanishika bega. "Dada, mwache mtoto. Leo sikukuu."

Lakini mimi niliona macho ya watu. Niliona wanatazamana, na katika kutazamana kwao nikaona wote wanajua. Wote walikuwa wakijua siku zote, wakinistahi tu! Aibu ile ikanipanda kichwani nikawa kama mwendawazimu.

"Kachukue udhu," nikamwambia Miza.

Akaenda. Nikamsikia anamimina maji kwa kata, taratibu, kama nilivyomfundisha. Akarudi, mikono inadondoka maji. Nikateremsha msahafu nikamwekea mkononi.

"Haya, sema. Sema, wallahi sikuona kitu. Baba yuko Mombasa. Nilisema uongo."

Miza akamtazama mjomba wake. Mjomba wake akatazama chini. Akawatazama wale wanawake, mmoja baada ya mmoja. Wakainamia sahani zao.

"Sema! Na ukiapa halafu ukayarejea tena maneno yako yale, ulimi wako utaungua moto. Ulimi huo huo!"

Akasema kwa sauti ndogo, "Wallahi, sikuona kitu. Baba yuko Mombasa. Nilisema uongo."

"Umemsikia dada'ko?" nikamwambia Haji. Nikamfuta machozi. Haji akarudi barazani kungoja.

Nami nikarudi kula. Nilikula, wenzangu! Nakumbuka nilikula.

Tangu saa ile Miza hakusema tena.

Mwanzo nikadhani kanuna. Nikasema mwacheni, njaa itamfungua mdomo. Lakini alikula, alifanya kazi zake, alichota maji, alifagia. Ukimwita anakuja. Sauti ndiyo haikuwapo. Mtoto anayeitwa hata "naam" haitikii! Skuli mwalimu akamrejesha, akasema hasomi kwa sauti wala jina lake hatamki. Nikampiga. Nikamchukua kwa mganga, akasema ana shetani wa kisomali anataka ubani na kanga nyekundu. Tukafukiza, tukapiga ngoma. Nikamnywesha kombe, maji ya aya zilizoandikwa sahanini. Mtoto amekaa katikati ya moshi, machozi yanamtoka, mdomo kaufumba. Mashetani walisingiziwa bure. Aliyemfunga ulimi alikuwa anampepea moshi.

Habari zikafika Kizimkazi. Siku moja asubuhi akaja mama mkwe wangu, Bi Mwaka. Mimi na yeye hatukuwa tukipatana. Mtu wa maneno mengi, tambuu mdomoni, hakai kimya tangu anaamka mpaka analala, na kila ulichopika hakina chumvi. Tangu Makame aondoke nilikuwa nikimkwepa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

Nikamwita Miza. Bi Mwaka akamtazama, akamfunua mtandio, akaona kile kiraka kichwani. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona yule bibi hana la kusema. Kisha akasema, "Nnamchukua."

"Mchukue," nikajibu.

Nikamfungia nguo zake. Walipopotea machoni, nilivuta pumzi nikajihisi mwepesi. Nilifurahi, wallahi nilifurahi! Nikasema leo nitalala, hapana mtu wa kunitazama. Nimeahidi kusema kweli, na kweli ndiyo hiyo.

Ikapita miezi. Wakija watu wa shamba wananambia mtoto hajambo, lakini mimi sikwenda. Kilichonipeleka ni Haji, aliyeanza kumlilia dada yake. Tukapanda gari la shamba, tukafika Kizimkazi maji ya bahari yakiwa yametoka. Wakatwambia Bi Mwaka yuko pwani anapiga makumbi.

Makumbi ya nazi yakishazikwa pwani yakaoza, wanawake huyafukua wakayaponda kwa rungu, wakapata usumba wa kusukia kamba. Kazi ya harufu mbaya na matope. Nikashuka. Nikawaona wawili migongo kwangu, wanaponda, na Bi Mwaka anazungumza kama kawaida yake.

Kisha nikasikia sauti nyingine. Nyembamba, kidogo imekwaruza. Inasema, "Hapana, bibi. Si hivyo. Unaikunja nguo kwa ndani kwanza, ndiyo unapitisha sindano. Baba alikuwa akifanya hivyo."

Nikaita, "Miza!"

Akageuka. Aliponiona, mdomo ukafumba pale pale. Nilimwona kwa macho yangu akiufumba.

Bi Mwaka akampa mkono Haji, akawaambia wote wawili waende nyumbani wakale ndizi. Walipokwisha kwenda akanambia, "Kaa."

"Hapa matopeni, mama?"

"Kaa."

Nikakaa.

"Mimi mwanangu nilijua kafa toka mwanzo," akasema. "Angekuwa hai angeniletea salamu, hata kwa ndege. Nilipomchukua huyu mtoto sikumuuliza kitu. Sina akili hizo za kuuliza watu, mimi najua kusema tu. Nikawa namhadithia baba yake alivyokuwa mdogo, utundu wake, alivyoniibia samaki akawapa paka. Kila siku. Siku moja uchungu ukanishika, nikasema peke yangu, masikini mwanangu, hata sijui alikufa kavaa nini. Nasikia nyuma yangu, 'Kanzu ya rangi ya maziwa, bibi. Na subana yake ya kushonea kidoleni.'"

Nilitaka kusema. Akaninyanyulia mkono.

"Nikamwambia, nambie. Akasema, ulimi wangu utaungua. Nikamwambia, ukiungua wako na wangu uungue, nambie. Akanambia. Tukalia siku nzima, sikupika. Na kesho yake akanambia tena, na keshokutwa tena, na mimi nikamsikiliza tena. Sikufanya jingine, mama Miza. Nilimsadiki tu."

Kisha akaniuliza, "Unajua kwa nini alimng'ata yule jirani yako?"

Nikasema sijui.

"Wale watu walipogonga, baba yake alimwambia, 'Ingia chini ya meza, usitoke mpaka mama'ko aje.' Maneno ya mwisho hayo. Alikuwa anafanya alivyoambiwa na baba yake. Alikuwa anakungoja weye."

Mungu wangu! Nilipiga yowe mpaka wanawake wa mbali wakaacha kazi zao. Nililala palepale kwenye matope nikilia kilio cha mume wangu, ambacho nilikuwa sijakilia hata siku moja. Na Bi Mwaka, yule yule niliyemchukia, aliniacha nilie mpaka nikachoka, kisha akanipangusa uso kwa kanga yake.

Siku ya pili tukamsomea Makame hitma. Kijiji kizima kilikuja, utasema kafa jana. Nikamuuliza mwalimu wa chuo kama sasa nikae eda. Akanambia, "Eda yako, Bi, ilikwisha zamani. Ilipita ukiwa huijui." Nikaona kweli, hata huo ujane wenyewe sikuupata, niliuacha ukapita mlangoni.

Nikamweleza na habari ya kiapo, mbele ya Miza, sikuficha. Yule mwalimu akamgeukia mwanangu akamwambia kwamba mtoto mdogo aliyelazimishwa hana dhambi, mwenye dhambi ni aliyemlazimisha, naye ndiye wa kutubu.

Miza akamuuliza, na hapo ndipo nilipokatika maini, "Kwa hivyo siungui?"

"Huungui, mwanangu."

Kumbe miezi yote ile mtoto alikuwa anaogopa! Alinyamaza kwa sababu alijua kuna neno moja tu kinywani mwake, akifumbua litatoka lile, na likitoka ataungua. Akaona bora asifumbue kabisa.

Nikapiga magoti mbele yake. Nikamwambia, "Miza, uliona. Ulisema kweli. Mama yako ndiye aliyesema uongo. Nisamehe."

Akanijibu kwa adabu, "Nishakusamehe, mama." Haraka haraka, kama mtu anayefunga mlango kwa heshima.

Sikuweza kurudi naye. Alipoulizwa anataka kukaa wapi, alimshika bibi yake kanga. Sikumlazimisha, hilo angalau nilikuwa nishajifunza. Haji nilirudi naye, lakini hakuwa Haji yule. Tulipofika Mpendae akakaa kitako barazani, pale pale, akanambia, "Mama, ulinikalisha hapa Idi zote hizi namngoja maiti." Kitoto kile! Tangu siku hiyo kila nnachomwambia huenda kwanza kuwauliza watu wengine kama ni kweli.

Miza akapona. Sisemi kwamba alisahau, lakini alipona. Kitanda kikawa kikavu, nywele zikaota. Lori likipita alishika mkono wa bibi yake akasubiri lipite. Akamaliza skuli kule kule, akajifunza cherahani. Mwanzo wa miaka ya sabini akaolewa na kijana wa palepale, harusi nzuri, nami nikaalikwa nikakaa mbele kama mama wa bibi harusi. Watu wakanipa hongera. Sikujua niifiche wapi sura yangu.

Mwaka uliofuata nikasikia sokoni, kwa muuza samaki wa Kizimkazi, akinipa pole. "Pole ya nini?" Ananambia, "Pole ya mjukuu." Kumbe Miza kajifungua mtoto kafa, ashazikwa, na mimi sina habari!

Nikaenda mbio. Nikamkuta kakaa kitandani, macho yamevimba, Bi Mwaka keshakuwa kizee anamkanda miguu. Aliponiona akafuta uso upesi, akatengeneza mtandio, akatabasamu.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, mama. Mzima kabisa."

Nikamwambia, "Miza, nishasikia. Nambie mama'ko. Nipo, nakusikiliza."

Akaendelea kutabasamu. "Hapana neno, mama. Mambo ya Mungu. Umeshakula? Bibi, mpakulieni mama."

Nikakaa siku zote za msiba. Nilimsikia akilia kwa bibi yake, akizungumza na mume wake, na jirani zake. Nikiingia mimi, uso unakauka, anakuwa mzima kabisa. Hanifanyii kwa ubaya, na kinyongo hana. Ndivyo nilivyomlea: nilimfundisha kwamba mama huambiwa lile analotaka kulisikia, naye ni mtoto mtiifu, kalishika somo mpaka leo. Bi Mwaka alipofariki, ndiyo kabisa, mlango wa kunipa habari za mwanangu ukafungwa.

Wazazi wenzangu, nyinyi ambao watoto wenu bado wadogo, sikilizeni. Yako mambo mazito yanayoingia nyumbani bila ya kubisha hodi: vita, msiba, moto, mtu mbaya. Usidhani mtoto hakuona kwa sababu wewe hutaki awe ameona. Usimwite muongo ili wewe upate usingizi. Akikojoa kitandani, usimtwike mkeka. Muulize anaogopa nini. Akinyamaza, kaa naye. Akisema, usimkatize, hata kama analosema litakuvunja vipande vipande. Vunjika! Wewe ni mtu mzima, utaungika. Yeye usimwachie abebe peke yake.

Na kama leo mwanao anakuja kwako na neno mdomoni, hata ukiwa na moto jikoni, hata ukiwa na wageni sebuleni, kaa kitako umsikilize. Anakuja bado. Wangu mimi haji tena.